Mtihani Alionyimwa Hebu

Wafiwa wenzetu, majirani, na wageni mliotoka karibu na mbali, familia imemteua mama mdogo wa marehemu awasomee maisha yake, naye amekubali kwa sharti moja tu, kwamba atayasoma kama yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi, kwa hiyo mwenye haraka akae karibu na mlango.

Marehemu, ambaye jina lake la vyetini mnaliona juu ya jeneza lakini nyumbani tulimwita Hebu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii tulimokusanyika, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba mpaka rangi na mama fundi cherehani. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu kila alipoambiwa jambo, hata kwamba saa ya kulala imefika, alijibu hebu kwanza, akataka aelezwe upya kutoka mwanzo, mpaka marehemu baba yake akasema mtoto huyu atazeeka kabla hajalala.

Alianza shule ya msingi iliyo nyuma ya soko mwezi Januari 1978, akamaliza mwaka 1984, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1990, ambako alifaulu vizuri na kuadhibiwa vizuri zaidi, maana walimu wengi humpenda mtoto anayejibu kuliko anayeuliza, na tarehe 30 Septemba 1991 akajiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya kwanza ya falsafa. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mjomba wake mkubwa aliuliza kazi ya falsafa inavaliwa sare gani, jirani mmoja, ambaye yupo hapa na anajijua, alisema binti atafungua duka la mawazo, na baba yake peke yake ndiye aliyesema mwacheni aende, huko angalau hatachapwa kwa kuuliza.

Likizo alirudi na mambo yake. Alimkuta mama yake akilipanua kwa mara ya nne gauni la mteja mmoja, limebadilishwa mikono, limebadilishwa kola, limeongezwa kitambaa ubavuni, akamuuliza kama hilo bado ni lile gauni la kwanza, na mama akamjibu ni lile lile, kwa kuwa anayelivaa ni yule yule. Hebu alikaa na jibu hilo likizo nzima, akaenda nalo darasani, na tulisikia kwamba walibishana juu yake hadi kengele ikalia. Ile miaka ndiyo aliyokuwa na furaha kuliko yote, na tunaisema wazi, kwa sababu iliyofuata hatuna la kuisifia.

Darasa lao lilianza na wanafunzi kumi na mmoja, lakini kadiri wenzake walivyoulizwa na wazazi wao watakula nini, walihamia biashara na uhasibu mmoja mmoja, hata ilipofika Januari 1994, mwaka wao wa mwisho, walibaki watatu, na chuo kikatoa agizo kwamba darasa lenye wanafunzi chini ya watano halitafundishwa. Hebu alikuja nyumbani Jumamosi, akatuketisha jikoni, akasema wanatakiwa watu wawili tu, na watu wenyewe ndio hawa, yaani mama yake na mama yake mdogo.

Tukaenda, kila Jumanne na kila Alhamisi, katika chumba cha ghorofa ya pili kilicho juu ya jenereta, ambamo madirisha hayakufunga na ubao ulikuwa umepauka katikati, mama akikaa nyuma kabisa na mfuko wake wa nguo za wateja, akipiga pindo taratibu huku wenzake wakijadili kama mtu anaweza kujua anachokijua. Mwalimu wao wa mantiki, mzee aliyevaa sweta moja jua na mvua, alituona, alielewa, akaendelea kufundisha. Wapo watakaouita huo udanganyifu, lakini Hebu alisema agizo linataka vichwa vitano, halikusema vya nani, na vichwa tulikuwa navyo.

Tarehe 9 Juni 1994, saa nne asubuhi, makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma aliingia na maofisa wawili kuhesabu vichwa hivyo, akapita mstari kwa mstari, akafika nyuma, akasimama mbele ya mama na kumuuliza yeye anasoma nini hapa. Mama yetu huyu, ambaye hajawahi kumdanganya mtu yeyote, sembuse mtu mwenye cheo, aliweka sindano chini, akainuka, akasema, “Mimi, baba, nimemsindikiza mwanangu.”

Maofisa walicheka. Idara ya falsafa ilifungwa tarehe 30 Juni, wiki tatu kabla ya mitihani ya mwisho, na wale watatu wakaambiwa wafanye mitihani miwili ya uendeshaji wa ofisi, kisha watapewa shahada ya uendeshaji wa ofisi, kana kwamba miaka mitatu ya mtu ni mzigo wa kubandikwa karatasi yoyote iliyopo. Wenzake wawili walikubali, hatuwalaumu, walikuwa na njaa zao. Hebu alikataa, akasema hawezi kupokea shahada ya kitu asichokisoma, na alichokisoma yupo tayari kuulizwa, leo au kesho, na wamuulize wao wenyewe. Mwalimu wa mantiki alijitolea kumtahini nyumbani kwake bila malipo, akakatazwa, na mwaka uliofuata mzee huyo akafariki.

Mama alirudi nyumbani siku ile ya kuhesabiwa vichwa akaifunika cherehani yake kwa shuka, na ilikaa imefunikwa mwaka mzima, kwa sababu alijiona yeye ndiye aliyeivunja shahada ya mwanawe kwa mdomo wake. Hebu alimkatalia siku hiyo hiyo, na akamkatalia maisha yake yote, akimwambia kwamba katika chumba kile watu wazima walikuwa wengi, na aliyesema kweli alikuwa yeye.

Kazi marehemu aliianza tarehe 5 Februari 1996, katika chuo hicho hicho, kwa kuwa bila shahada hakupata pengine, akaajiriwa kupanga madawati katika ukumbi wa mitihani, kubandika namba, kugawa karatasi tupu na kuzikusanya zikiwa zimejaa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na saba, akiwaandalia watoto wa watu kitu kile kile alichonyimwa yeye. Kila Julai, ukumbi ukishakuwa tayari, alipanda ofisi ya taaluma kuomba dawati moja katika hayo aliyoyapanga, na kila Julai aliambiwa hakuna mtahini, au hakuna idara, au mhusika yupo safarini.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1998 na fundi wa friji aliyekuja kutengeneza friji ya kantini ya wafanyakazi, akaitengeneza siku moja na akarudi kuikagua mwezi mzima, nao wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye ni muuguzi, na kijana aliyezaliwa mwaka 2004, aliye mwaka wa pili katika chuo cha ufundi.

Mwaka 2021 falsafa ikarudi, tukaambiwa sasa dunia inawahitaji watu wanaofikiri, na Hebu akawapangia madawati wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza. Alipouliza habari ya mtihani wake, aliambiwa rekodi zake zimepitwa na wakati, aanze upya kutoka mwanzo. Mama mdogo alimshauri awajibu vibaya, na alimpa hata maneno ya kutumia, lakini yeye alicheka, akasema hata hivyo yeye ndivyo anavyopenda mambo yaanze, akaomba nafasi, akakubaliwa kuanza mwaka wa kwanza tarehe 9 Oktoba 2023, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Mwezi Mei mwaka huo alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akapimwa na kukutwa na saratani ya kongosho iliyokwishasambaa, akalazwa mara tatu, na tarehe 19 Septemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia mikononi mwa mume wake, begi lake la darasani likiwa bado jipya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli kila alipouliza, na aliuliza sana. Tunawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na mikono yao, akiwemo yule wa duka la mawazo, ambaye amelia kuliko wengi, na wafanyakazi wenzake wa ukumbi wa mitihani, waliovipanga viti vya msiba huu kwa mistari iliyonyooka kama alivyowafundisha.

Wapo pia wageni kutoka ofisi ya taaluma, wamekaa mstari wa mbele na mpiga picha wao, wameleta shahada ya heshima ya falsafa ndani ya fremu ya kioo, iliyotiwa sahihi siku tatu baada ya kifo. Mtihani mmoja ulishindikana miaka ishirini na tisa, shahada nzima imepatikana kwa siku tatu, kwa mtu asiyeweza tena kuwauliza swali. Wameomba mama aipokee mbele yenu, na jana jioni tulimweleza mama ombi lao, tukamwachia aamue. Amekataa, na ametaka jibu lake lisomwe hapa kama alivyolisema.

“Waambieni mimi sikuja kuchukua kitu. Nimemsindikiza mwanangu.”

Hebu, hapa hakuna wa kukuanzishia tena upya, pumzika kwa amani.