Mama Herufi na Mashine Iliyokataa Kuwa Chuma Chakavu

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumatano, tarehe tisa Julai. Asubuhi iliamka na manyunyu. Nje ya kiwanda kidogo cha uchapaji watu walisimama na miavuli, wakimsindikiza katika safari ya mwisho mfagizi aliyegeuka mwalimu. Wote walimwita Mama Herufi.

Alianza na ufagio. Kila jioni aliokota herufi za kuchapia, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, zilizodondoka chini ya mashine. Hakujua kusoma. Alizilinganisha kwa umbo tu, akairudisha kila moja kwenye chumba chake ndani ya trei, huku akiomba kimoyomoyo: "Mungu wangu, nami nioneshe mahali pangu."

Akiwa na miaka arobaini na sita alijiandikisha masomo ya jioni. Siku ya kwanza kuandika, mwalimu alishika kiuno.

"Mama, mbona herufi zako zimetupa kisogo?"

Darasa likaangua kicheko. Kumbe herufi za risasi hutengenezwa zikiwa zimegeuzwa, ili karatasini zitoke sawa. Yeye alizijulia upande huo.

"Alirudi nyumbani akicheka mpaka machozi," anasema binti yake. "Akaniambia, 'Mwanangu, nimesoma kinyumenyume, lakini nimesoma!'"

Basi kompyuta zikaingia. Mashine ikasukumwa kona, ikafunikwa turubai. Mwenye kiwanda akamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mama Herufi akasimama mlangoni na ufagio wake.

"Bosi, nipe miezi mitatu niitafutie mashine hii kazi. Nikishindwa, geti nitamfungulia mnunuzi mwenyewe."

Mwezi wa pili akaja msanifu michoro, binti mwenye kompyuta mgongoni. Alichoshwa na kadi zinazofanana. Alitaka kadi ambayo ukiipapasa, vidole vinaisikia herufi. Mama Herufi akamfunga aproni.

"Bibi, hapa kitufe cha kufuta kiko wapi?"

"Unavyo kumi mikononi. Chomoa, panga upya!"

Kadi ya kwanza ya harusi ikaleta ya pili. Mwaka haujaisha, wateja wanapanga foleni. Wasanifu kumi na mmoja walijifunza kwake. Narudia, wasikilizaji: mfagizi huyu alifundisha wasanifu kumi na mmoja.

Alifariki Jumapili, akiwa na miaka sabini na miwili. Ratiba ya mazishi ilichapwa kwa mashine ile ile. Kisha wanafunzi wake wakarudisha herufi zote kwenye trei, maana kwake kazi haikuisha mpaka herufi ya mwisho ifike nyumbani.

Kwa binti yake, wajukuu na wanafunzi wake: poleni sana. Mungu ampumzishe. Nasi tujiulize, ni nini tumekifunika turubai kabla ya kukijua?

Lakini asubuhi ya leo watu walinong'ona jambo moja: mashine itauzwa sasa? Mwenye kiwanda alisikia. Akavua kofia, akaweka mkono juu ya chuma.

"Mbele ya binti yake, na mbele yenu nyote, naahidi: nikiwa hai, mashine hii haitoki hapa. Jumatatu, saa mbili asubuhi, darasa lake linaendelea. Na atakayefagia ni mimi."