Dakika Kumi za Mhandisi Nashaat Labib Ghattas

Abuna, padri wetu, wifi yangu Nevine, jamaa na majirani, mimi ni Ferial, dada mkubwa wa Nashaat, ndiyo maana aliniita Abla, familia imenipa karatasi hii niisome, na nitaisoma hadi mwisho hata sauti ikinikatika, mnivumilie.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1970 mtaa wa Moharram Bek, hapa Aleksandria, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Labib Ghattas, fundi wa tramu, na marehemu mama yetu Olga, akasoma shule za mtaani kwetu, akifungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa na skrubu pungufu, kisha akahitimu uhandisi wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Aleksandria mwezi Juni 1992.

Machi 1994 aliajiriwa na kampuni moja ya mawasiliano kutunza ruta, siyo kile kisanduku mnachokiweka juu ya televisheni, bali mtambo mrefu kama kabati la nguo unaobeba simu na intaneti ya mji mzima. Tarehe 11 Oktoba 2001, asubuhi ya siku ya kumvisha Nevine pete, akiwa ofisini hapa, aliingia kwa mbali kwenye ruta ya Damanhur na kubadilisha anwani ya njia ile ile aliyoingilia, akajifungia nje, mji wote ukakatika, ikabidi aende hadi Damanhur kuirudisha kwa mkono huku wageni wakimaliza keki, na alipotokea na suti imejaa vumbi mama mkwe akamwambia, "We mwanangu, umejifungia nje na ufunguo umeuacha ndani, binti yangu utamtunzaje?" Jamani, tulicheka! Walifunga ndoa tarehe 21 Julai 2002, wakajaliwa binti mmoja, Irini, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 2004.

Mwaka 2006 alihamia Kairo, kwenye maabara ya kuunda ruta mpya, yenye bongo mbili ili moja ikifa nyingine ishike kazi, feni zake zinabadilishwa ikiwa inawaka, programu yake inawekwa mpya na watu wanaendelea kuongea na simu zao, lakini alichokipenda kuliko vyote, ingawa hakukianzisha yeye na alichukia tukimsifia hivyo, ni kwamba badiliko lolote unalolifanya humo halijawa badiliko mpaka ulithibitishe ndani ya dakika kumi, usipothibitisha, mtambo unarudi wenyewe kama ulivyokuwa. Sheria hiyo akaileta nyumbani, mtu akitamka neno kwa hasira yeye anatazama saa tu, na Irini alipokuwa mdogo, akishasema "Baba, sikupendi!", alikuwa anajificha bafuni mpaka dakika zipite, halafu anakuja mezani kula.

Mama alifariki tarehe 3 Februari 2023, Nashaat akiwa Asyut anawasha ruta mpya, hakuwahi maziko, na tarehe 14 Machi, siku ya arobaini, hakuja pia, akapiga simu mchana kuomba radhi, nami nikamwambia, Mungu anisamehe, "Tangu leo huna dada." Akasema, "Haya, Abla. Saa saba na dakika ishirini. Dakika kumi." Nikakata simu. Nilikaa jikoni nikiangalia saa ya ukutani, sikumpigia kuthibitisha wala kuomba msamaha, kwangu ile sheria ilikuwa mchezo wa watoto, na alipopiga siku ya Pasaka sikupokea, kwa kiburi tu.

Septemba mwaka huo aligundulika na saratani ya kongosho, akakataza nisiambiwe kwa sababu ya ugonjwa wangu wa moyo, Nevine akashindwa kuficha, akanipigia Jumapili, nikafika Kairo Jumatatu tarehe 22 Januari 2024 saa nne asubuhi, ndugu yangu alikuwa amekata roho saa tatu. Saa moja tu, jamani, saa moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomuuguza, majirani waliotupikia tangu jana, na wenzake wa maabara waliolibeba jeneza mabegani.

Wenzake hao wanajua kwamba kila mmoja wao ana daftari la kuandika saa, badiliko lililofanywa na matokeo yake, na jana Nevine alinipa daftari la Nashaat, limekunjwa kwenye ukurasa wa tarehe 14 Machi, ambapo katikati ya mambo ya feni na kadi Nashaat ameandika kwa kalamu hiyo hiyo: "Saa 7:20 mchana, Abla asema sina dada. Saa 7:30, hakuthibitisha. Tumerudi kama tulivyokuwa."

Miezi kumi nilidhani nimempoteza, kumbe kwake ilikuwa dakika kumi.

Lala kwa amani, Nashaat, mdogo wangu. Wewe una dada. Hilo nathibitisha.