Babu Glavu na Vidole vya Ukumbi Mzima

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ukumbi wetu wa kushonea nguo, fundi wetu wa mashine, tunayemwita Babu Glavu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kutia mafuta cherehani, akaishia kuzifufua overloki, mashine za kufunga pindo za nguo, ambazo hata waliotuuzia walizikatia tamaa. Kisanduku cha huduma ya kwanza alikabidhiwa kwa sababu tu meza yake ilikuwa karibu na bomba la maji. Hapo likazaliwa jina lake, na umbea wetu.

Sindano ikimchoma mtu kidole, Babu huvaa glavu, hufunga jeraha, kisha hung'oa sindano ile na kuweka mpya. Tukaanza kuhesabu. Mbona fulani kavaliwa glavu, ana nini? Mama wa Vifungo, mshonaji wetu wa vifungo, aliapa kwamba fundi ameletewa orodha ya wenye virusi kutoka hospitali. Watu wakawa wanaficha majeraha kwa vitambaa vya mabaki.

Mwandishi wa wasifu huu alichunguza kuliko wote, na alikuwa na sababu. Mwaka huo alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaogopa kwamba jozi moja ya glavu itamuumbua mbele ya wenzake. Naam, ni mimi.

Nikamvizia. Mlinzi kachomwa na kibanzi: glavu. Meneja kajikata: glavu. Mkewe mwenyewe, mpiga pasi wetu, kajikwaa kachubuka goti: glavu! Nikaacha kuvizia.

Tulipombana, alifoka kwamba damu haina lebo, ndiyo maana hachagui mtu. Virusi hupita kwenye damu, ngono bila kinga, sindano na nyembe za kuchangia, na kutoka kwa mama hadi mtoto wasipopata dawa. Choo, mbu, kikohozi, kikombe, kupeana mkono? Porojo tupu. Kisha akachukua kikombe cha Mama wa Vifungo, akaimalizia chai yake bila ruhusa.

Siku sindano iliponipitia kidoleni, Mama wa Vifungo aliinuka achungulie. Akaona glavu zilezile za kila mtu, akarudi kukaa. Nililia, wakadhani ni maumivu.

Babu, asante sana. Hukuniuliza hata mara moja. Tunakuombea ustaafu wenye afya na raha, wewe na mpiga pasi wetu. Nanyi mnaosoma, sasa mmejua. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mashine namba saba, kama kawaida.