Tawi la Mparachichi

Mwalimu Veronika Mihayo alizaliwa mwaka 1963. Hapana, samahanini. Ni 1964, tarehe 9 Machi, huko Maswa. Huo wa 1963 ni mwaka wa mvua kubwa, na kaka yake Nashoni, anayewasomea wasifu huu, huichanganya miaka hiyo miwili kila mara. Marehemu ndiye aliyekuwa akimsahihisha. Leo imebidi ajisahihishe mwenyewe.

Alikuwa kitindamimba wa Mzee Mihayo. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno, na waliomfahamu mzee yule jinsi alivyokuwa mkimya walilicheka sana jina lake. Maneno yote ya nyumba ile aliyachukua binti. Mwaka 1975 familia ilihamia Usangu pamoja na ng'ombe, kwa miguu. Njia nzima Nashoni aliwaimbia ng'ombe wasitawanyike, na Veronika akawa nyuma yake na fimbo yake ndogo.

"Kaka, jana huyo dume ulimsifia pembe. Leo mbona umeziruka?"

"Ng'ombe hajali."

"Mimi ninayesikiliza ninajali."

Alimaliza darasa la saba Usangu mwaka 1979, akachaguliwa kwenda sekondari Iringa, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1986. Nashoni aliishia darasa la nne, akashika njia. Alikwenda Chunya kwenye dhahabu, akachoka. Akahamia kwenye tumbaku, akachoka. Na kila alipochoka alijikuta mlangoni kwa mdogo wake.

Tarehe 20 Julai 1991, Iringa mjini, marehemu alifunga ndoa na Bwana Marcelino, Mhehe mpole ambaye wote mnamwona pale mbele. Mwaka 1994 walihamia Mbeya, wakajenga Ilomba, na Marcelino akapanda mparachichi uani. Huo mti ndio wenye habari.

Marehemu alifundisha fasihi mpaka alipostaafu mwaka jana. Sasa, jioni moja ya mwaka 1998 Nashoni alikuwa mgeni pale nyumbani, akamsikia akilalamika huku anachambua mchele: "Kesho ninafundisha tanzu, na sina zana yoyote ya kuwaonyesha watoto." Nashoni aliona jambo lenyewe ni dogo. Utanzu si tawi? Alfajiri akachukua panga, akakata tawi zuri kuliko yote, akalibeba begani hadi shuleni.

Nyuma yake alimsikia Marcelino akipiga kelele: "Shemeji! Ndiyo kwanza ulikuwa umeshika maua!"

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mmoja akasema, "Madam, mwambie kuni zinapelekwa jikoni, huko nyuma." Nashoni alitamani ardhi immeze. Lakini mdogo wake hakucheka. Alisema, "Mpeni mjomba wenu shikamoo." Wakamwamkia. Kisha akalipokea lile tawi kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga.

Akaanza. Shina hili, alisema, ndilo fasihi, ni mtu kutumia lugha kwa ufundi ili amguse mwenzake. Hapa linagawanyika mara mbili. Upande huu ni simulizi, inayokaa mdomoni: hadithi, nyimbo na mashairi, semi, na maigizo. Upande ule ni andishi, inayokaa kwenye karatasi: riwaya, hadithi fupi, tamthilia, na mashairi tena, maana mashairi yamemea pande zote mbili. Na majani je? Majani ni vipera. Kwenye hadithi peke yake kuna ngano, kuna visasili, kuna habari za mashujaa. Akalizungusha tawi polepole, na hakuna aliyecheka tena.

"Kaka, waimbie wale ng'ombe wetu."

Akaimba. Mdogo wake akawaambia, "Huyu ni fanani, na ninyi ni hadhira. Simulizi inaishi hapo katikati yenu. Hadhira ikiondoka, imekwisha. Andishi yenyewe inamngoja msomaji hata akichelewa."

Nashoni alitoka pale vinyweleo vimemsimama. Wimbo aliokuwa akiwaimbia ng'ombe ulikuwa na mahali pake kwenye mti mkubwa kiasi hicho, na aliyemwonyesha ni mtoto ambaye yeye Nashoni ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka maji. Tangu siku ile, kila alipopita karibu na mparachichi ule, alivua kofia. Marcelino alidhani anaomba msamaha.

Januari mwaka huu presha ilimzidi marehemu. Alimwita kaka yake, akamwambia, "Siku yangu ikifika, wasifu usome wewe."

"Mimi wa darasa la nne? Si wapo walimu wenzako?"

"Wao wataandika tu. Wewe utaandika na utasema."

Wiki ile ile alipata kiharusi, na sauti ikaondoka. Alitibiwa hapa Mbeya kwa miezi mitano, Bwana Marcelino akiwa kando ya kitanda. Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, asubuhi.

Ameacha mume, watoto wawili, Sarah na Benjamini, wajukuu, kaka yake, na wanafunzi ambao wengine sasa wanafundisha tanzu hizo hizo. Mungu ampe kupumzika kwa utulivu, kama mwalimu aliyemaliza kipindi chake.

Limebaki jambo moja. Marehemu akiwa kitandani, Nashoni alimwuliza swali, naye akamtazama muda mrefu, akafumba macho. Amewauliza walimu wenzake marehemu, wametazamana. Amemwuliza padri, amemshika bega. Maneno haya ameyaandika, kwa hiyo ni andishi. Anayasema kwa mdomo, kwa hiyo ni simulizi. Lakini hadhira aliyeandikiwa, yule aliyekuwa akijali sifa ipi imerukwa, ndiye huyu aliyelala hapa mbele yetu.

Sasa Veronika, huu wasifu niuweke kwenye tawi lipi?