Magoti ya Sostenes Mazengo, 1948–1996

Naweka dau jogoo wangu mwekundu, yule anayewanyima usingizi majirani: nikimaliza kusoma karatasi hii, nusu yenu mtasema Bushiri kaleta uongo wake mpaka msibani. Haya, semeni. Mimi ni mtani wake. Babu zake Wagogo walimtoza babu yangu Mnyamwezi ushuru wa maji ya kisima mpaka akaishiwa, akabaki hapa hapa. Kwa hiyo msiba huu ni wangu, na wa kuusoma wasifu wa marehemu kunishinda hayupo.

Marehemu Sostenes Mazengo alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Kibakwe, mtoto wa pili wa mzee Mazengo na mama Hana. Wa kwanza ni mzee Matonya, yule mwenye fimbo.

Alisoma mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1961. Tulianza wote. Mimi niliachia la tatu, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Emilia. Nilidai mbuzi wa utani, nikapewa kuku. Sijasahau.

Mwaka 1974 kijiji kilipata mashine ya kusaga. Marehemu akapelekwa Dodoma miezi mitatu, akarudi fundi, akaiendesha miaka kumi na minane. Alikuwa anasugua unga kwa vidole viwili, anakwambia, "Mama Joha, uwele wako una mchanga. Jana ulipepeta au ulipiga soga?" Na mchanga ulikuwepo kweli.

Juni 1992 chama cha ushirika kiliwaita wafanyakazi wote wanane. Wakaambiwa uchumi umebadilika, nendeni nyumbani, mtaitwa. Hawakuitwa. Dizeli ikapanda, mkanda ukakatika, mashine ikafungiwa kufuli. Wenzake wakakimbilia machimbo ya Mererani. Wanawake wakarudi kwenye mawe ya kusagia ya bibi zao. Emilia akaenda vibarua kwenye mashamba ya vitunguu, alfajiri mpaka jioni. Hata hivyo watu walimletea nafaka, maana unga wa Emilia ulikuwa laini kama wa mashine. Malipo yake bakuli moja la unga. Mabakuli hayo ndiyo yaliyowalisha watoto, na ndiyo yaliyowabakiza binti zake Anitha na Cecilia shuleni.

Marehemu yeye tulijua anashinda ndani, kafunga mlango. Siku moja tukioga mtoni nikayaona magoti yake. Yana sugu nyeusi kama za ngamia! Nikatangaza kijiji kizima: "Jamani, huyu Mkristo anasali kuwapita masheikh!" Yeye alicheka tu. "Mtani, punguza mdomo." Mwaka 1994 kanisa likamchagua mzee wa kanisa. Nikatamba kwamba mimi Mwislamu ndiye niliyemteua.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kukohoa kikohozi kikavu. Alisema ni vumbi tu. Amekata roho Jumanne tarehe 13 Agosti 1996, saa tatu asubuhi, juu ya lori la vitunguu, akipelekwa hospitali Mpwapwa. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ananicheka kofia yangu. Mpaka sasa nasubiri mtu aniambie ni utani.

Jana kwenye matanga wanawake wakamwambia Emilia, "Dada, tutolee ule unga wako, wageni wapate kula."

Emilia akasema, "Sina. Aliyekuwa anasaga ndiye huyo mmemlaza ndani."

Wanawake wakaulizana: Mwanamume? Kupiga magoti kwenye jiwe? Ugogo hii hii? Emilia akaingia ndani, akalitoa jiwe la kusagia. Limelika katikati mpaka limekuwa kama sinia. "Mchana kutwa niko na jembe," akasema. "Mlidhani nasaga saa ngapi?" Kumbe watoto walijua. Waliapishwa.

Mzee Matonya akagonga fimbo chini. "Shemeji, nyamaza! Usimvue nguo ndugu yangu naye ni maiti."

"Nimekupa shikamoo miaka ishirini na tano, shemeji. Leo nisikilize wewe. Miaka minne mnanisifu kwa mikono ya mtu mwingine. Bushiri, andika. Usipoandika, nasimama kaburini naisema mwenyewe."

Mimi, Bushiri, nikatafuta kalamu. Mzee Matonya akalitazama lile jiwe, akalipitishia kiganja.

"Unga ule nimeula," akasema. "Nimemgombeza mke wangu kwa ajili ya unga ule." Akanigeukia. "Andika. Lakini andika kwamba ulikuwa laini."

Ulikuwa laini.

Marehemu ameacha mjane, Emilia. Watoto watatu, Daudi, Anitha na Cecilia. Kaka yake, mzee Matonya. Na mtani mmoja. Mtani ana haki ya kulala kaburini asitoke mpaka apewe kuku. Leo sidai.

Mungu amlaze pema, na magoti yake yanyooke.

Nilisema sugu zile ni za sala. Nilikosea.