Kizibo Katika Taya la Fundi Redio

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne iliyopita, cherehani moja ilinyamaza na haikuendelea. Hilo ndilo jambo la kwanza dada yake fundi huyo alilogundua. Hakusikia kelele. Alisikia kimya.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Jina lilitokana na shavu lake la kulia. Lilikuwa limevimba, lenye wekundu uliofifia, na lilikuwa likidunda. Ukisogeza sikio, ulisikia mvumo. Wateja walimtania: "Redio, leo kuna habari gani?" Naye aliinamisha kichwa na kujibu: "Njoo usikilize mwenyewe. Hapa hakuna matangazo ya biashara."

Mvumo huo ulikuwa damu. Kwa kawaida, damu itokayo moyoni hupita kwenye vijishipa vyembamba mno, ikapungua kasi, ndipo iingie kwenye vena, mishipa inayoirudisha moyoni. Katika shavu la Redio, vijishipa hivyo havikuwepo. Alizaliwa hivyo. Ateri, mishipa itoayo damu moyoni, zilimwaga damu moja kwa moja kwenye vena.

Ujanani, madaktari walimfunga ateri moja shingoni ili kupunguza damu hiyo. Shavu likatulia. Mama yake anakumbuka: "Tulishangilia. Nikamwambia, mwanangu, sasa huna kisingizio, oa." Akaoa. Lakini damu ilijitafutia njia nyingine, na mdundo ukarudi ukiwa na nguvu zaidi.

Mwaka huu jino lake la pembeni lilianza kulegea. Daktari wa meno alilishika, likadunda kidoleni mwake. Akaweka koleo chini. Siku hiyo hiyo alimpeleka kwa daktari wa mishipa.

"Waliotangulia waliuliza damu inaingilia wapi," anasema daktari huyo, mwanamke wa maneno machache. "Mimi niliuliza inatoka kupitia wapi."

Picha za mishipa zilimjibu. Damu ilikusanyika kwenye vena moja iliyopanuka ndani ya mfupa wa taya, mithili ya bwawa. Bwawa lilikuwa na mlango mmoja mkubwa kuelekea shingoni, na kijia chembamba kuelekea jichoni. Mpango ukawa huu: kupitisha mrija mwembamba hadi bwawani, na kulijaza nyuzi laini za chuma na gundi. Lijae lote. Ukiziba mlango mkubwa kabla bwawa halijajaa, damu itatafuta pengine pa kutokea. Jichoni, au kinywani.

"Na kinywani kulikuwa na lile jino," anasema daktari. "Mizizi yake ilikuwa ndani ya bwawa. Lilikuwa kizibo. Nilimwambia asilivute, asitafunie upande huo."

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Ugonjwa haukuwa jino. Jino ndilo lililokuwa likimlinda.

Redio alitii. Alikula vyakula laini tu. Kitanda chake hospitalini kilikuwa tayari tangu Jumatatu, lakini aliomba siku mbili amalize sare za shule. "Nilimwambia, kaka, sare zitangoja," anasema dada yake, ambaye pia ni fundi na alishona pembeni yake. "Akanijibu, 'Watoto wa watu waende shule uchi? Jumatano naenda. Nikichelewa nifukuze kwa ufagio.'"

Jumanne ilibaki sare moja. Alikuwa akishona kwa uzi wa nailoni. Mkono mmoja ulishika kitambaa, mwingine ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani. Akainama, akaung'ata uzi kwa meno ya upande ule ili aukate, kama alivyofanya maisha yake yote. Kama mafundi wengi wafanyavyo. Akavuta.

Jino likatoka.

"Aliniangalia tu," anasema dada yake. "Kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kisha nikaona damu. Haikutiririka. Iliruka, ikifuata mapigo ya moyo." Dada alisokomeza kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye pengo, akakandamiza kwa kidole gumba. Jirani akawasha gari. "Sikutoa kidole mpaka muuguzi aliponibandua."

Alifika akipumua. Daktari aliingiza sindano kupitia pengo lile lile na kuanza kulijaza bwawa. Moyo ulisimama kabla halijajaa.

"Mpango ulikuwa sahihi," anasema daktari. "Nilimuuliza kuhusu chakula. Sikumuuliza kuhusu uzi." Kuanzia sasa atamuuliza kila mgonjwa wa aina hii: mbali na kula, meno yako unayatumia kwa kazi gani?

Kwa mama, mjane, dada na mafundi wenzake, poleni sana. Nasi tuliobaki tutafakari: ni kitu gani mikono na vinywa vyetu hufanya bila kutuuliza? Na mwenye uvimbe unaodunda usoni, au jino linalodunda, asikubali ling'olewe kabla ya kupigwa picha ya mishipa.

Jana mchana dada yake alimalizia sare ya mwisho. Uzi aliukata kwa mkasi.