Dakika Tatu za Petroli

Kwenye kiti cha mbele yangu katika basi la asubuhi walikaa wanaume wawili wenye sare za shirika la umma, lile linalosafirisha mafuta kwa bomba. Mmoja kijana, mwingine mvi tupu.

"Baba, jana petroli ilikuwa inaishia bombani, nyuma yake yanakuja mafuta ya taa," kijana alisema. "Nilifuata saa iliyoandikwa ubaoni, sikuchota sampuli kuona kama petroli imekwisha. Nikageuza valvu dakika tatu mapema."

"Kwa hiyo petroli imeingia kwenye tangi la mafuta ya taa."

"Kidogo tu. Tangi lile kubwa, itapotea humo."

"Itapotea!" Mzee alicheka, lakini uso haukucheka. "Basi kawaambie wenye majiko wawashe kiberiti wakiwa mbali. Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Nikisema, kazi sina. Mke wangu ana mimba ya miezi minane."

"Na huyo mkwe wangu anapikia nini?"

Abiria wengine walizungumzia mpira. Mimi nilisubiri jibu kama mtu aliyeuliza.

"Mafuta ya taa," kijana alisema, polepole.

"Tangi linafunguliwa saa mbili, mwanangu. Simu unayo."

Basi likasimama mbele ya lango la bohari. Malori manne ya mafuta yalikuwa tayari kwenye foleni. Kijana alishuka simu mkononi, kidole kikielea juu ya kioo. Nami nikalivuta karibu dumu langu tupu la mafuta ya taa.